Alibaki Sukuma

Asiyetaka kuamini asiamini, mimi silipwi kwa kusimulia. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, nikiwa na akili zangu timamu na sijaonja hata togwa. Najua mnapenda mizimu ya usiku. Wangu alikuja saa ya chakula cha mchana.

Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Presha ya macho, na madaktari walishasema wamefanya walichoweza. Akaniomba jambo moja tu: "Nataka nilione kaburi la mayu wangu kabla giza halijaingia." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Mama yake huyo, bibi yangu Agnesi, alifariki mama akiwa kichanga. Babu akambeba mtoto, akaswaga ng'ombe mpaka Rukwa, wala hakurudi tena. Kila alipoulizwa mkewe kazikwa wapi, jibu lilikuwa lilelile: "Alibaki Sukuma." Basi, na mdomo anafunga. Sisi kule Rukwa tukisema Sukuma tunamaanisha nyumbani tulikotoka, nchi nzima hiyo mpaka ziwani. Sasa niambie, kaburi moja utalitafutaje katika nchi nzima?

Nikafunga safari mpaka Bariadi. Jamani, ilikuwa raha! Sikujua kama kufukuzia mipaka ya zamani kunanoga kiasi kile. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, ramani ndiyo ugonjwa wangu. Nilichokuwa nacho ni kwamba babu alitokea upande wa Nkololo, na kwamba bibi alikuwa Mkatoliki. Nikagundua kuwa boma la babu alilijenga wilaya ya Maswa, mkoa wa Shinyanga, na leo uleule uwanja, bila kusogea hata hatua, uko wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu! Parokia nazo ni hivyohivyo. Ile ya zamani ilikuwa kubwa kupindukia, ikazaa parokia nyingine, nazo zikazaa. Nikachora yote kwenye karatasi moja, kila mpaka na rangi yake, na nikawa namwonyesha kila anayenipa kiti.

Ila vigango vyote, yale makanisa madogo ya parokia ya sasa ya upande ule, nilishavipita, na Agnesi hakuna anayemjua. Mama akipiga simu namwambia bado kidogo, naye ananiambia leo hajauona mlango vizuri. Roho ilikuwa inaniuma.

Siku hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikaenda kwa miguu kuutazama mto ambao katekista aliniambia ndio mpaka wa parokia siku hizi. Kama hujawahi kutembea mbugani baada ya mvua, pole yako inakuja. Ule udongo mweusi hauachi mtu. Hatua chache tu viatu vikawa vizito kama matofali, nikavivua nikavishika mkononi, udongo ukahamia kwenye nyayo. Nilikuwa nasonya peke yangu.

Ndipo nikamwona dada mmoja kando ya mto. Kijana tu, kajifunga kaniki. Niamini, sikushtuka hata kidogo, ningeshtukia nini?

"Mwadila, mayu," nikamsalimia, maana kule hata binti unamwita mama kwa heshima.

"Mwadila, baba. Ng'wana nani?"

Ndivyo wanavyoulizana, wewe ni mtoto wa nani. Nikataja jina la babu, nikasema mimi ni mjukuu. Akanitazama sana, kisha akacheka, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa fulana nje ndani.

"Sasa unatafuta nini Dakama?"

"Dakama?"

"Hapa uliposimama ni Dakama." Akanyoosha mkono ng'ambo ya mto. "Sukuma ni kule."

Mwili wote ukasisimka! Sukuma ni kaskazini! Dakama ni kusini! Msukuma gani asiyejua? Mimi najua, mama anajua, lakini kwa kuishi Rukwa miaka yote neno lilishakuwa jina la kabila na la nyumbani, halina upande tena. Kumbe babu hakuwa anakwepa swali. Alikuwa anajibu kama mtu aliyesimama bomani kwake: alibaki upande wa kaskazini, ng'ambo, ambako enzi hizo ilikuwa parokia hiyohiyo moja, kabla mto haujafanywa mpaka! Na mimi na rangi zangu zote nilikuwa nazunguka kusini. Nikaruka mle matopeni kama ndama.

Yule dada akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto alipata maziwa?"

Sikumwelewa. Lakini nani kwetu anajibu vibaya akijuliwa hali? Hata mahututi anasema hajambo. "Alipata, mayu," nikasema, nimeinama natoa simu mfukoni.

Nilipoinua uso hakuwepo. Mbuga tupu, hata kichaka cha kujificha hakuna. Nyayo zangu zilikuwa mashimo matupu mpaka pale, na aliposimama yeye udongo ulikuwa laini, haujaguswa. Hapo ndipo nikakumbuka kitu ambacho macho yalikiona na akili ikakipuuza: miguu yake ilikuwa safi. Safi, katika tope lile! Nilikimbia, mwalimu mzima, viatu mkononi, nikipiga kelele ambazo hata sasa siwezi kuzieleza kama ni za hofu au za furaha.

Jioni nikampigia mama. Nilipofika kwenye swali la maziwa akanikatiza.

"Ulimjibu nini?" akauliza.

"Nilimwambia alipata."

Akaanza kulia. "Umemjibu vizuri, mwanangu. Mimi sikunyonya kwa mtu. Babu yako alinitengea ng'ombe, hakuna aliyeruhusiwa kuonja maziwa yake."

Hakungoja nimfuate, alipanda basi. Tulivuka daraja, tukaingia wilaya nyingine na parokia nyingine, na kwenye kigango cha kwanza tu bibi mmoja akasema, "Agnesi? Yule aliyerudi kwao kujifungua." Kaburi lipo, limezungushiwa minyaa. Mama akapiga magoti, akalitazama kwa karibu jiwe kwa jiwe mpaka jua likazama, nami sikumharakisha.

Sasa macho yake yamefunga kabisa, na halalamiki. Mimi ndiye sikubaki salama: nikilala vyovyote vile, alfajiri naamka kichwa kimeelekea kaskazini, na mke wangu amechoka kupigwa mateke.

Kwa hiyo wewe unayesaka ukoo wako, wazee wakikutajia mahali, uliza kwanza walikuwa wamesimama wapi. Na mtu usiyemjua akikuuliza habari za mtoto, hata usipomwelewa, usimpite kwa haraka zako. Mjibu vizuri. Huenda ni hilo tu lililomkosesha usingizi miaka yote hiyo.