Vitumbua Kwenye Kurasa za Mpolandi

Leo nimefungiwa kitumbua kwenye ukurasa wa kitabu, na ile harufu ya mafuta na wino imenirudisha utotoni.

Shangazi aliuza vitumbua nje ya jengo tulilopanga ugenini, mtaa wa Berea, kusini mwa Afrika. Karatasi niliziokota mimi jalalani, boksi zima la kurasa zilizopigwa chapa kwa mashine. Alizikagua moja moja asije akafungia chakula maandishi ya Kiarabu; kwetu Tanga hilo ni dhambi. Hakuyaona, akaanza kufungia.

Asubuhi moja akarudi kutoka hospitali jirani yetu, kile kizee cha Kipolandi, mwandishi wa riwaya za wafalme wa kwao, kilichozoea kutufukuza ngazini kwa fimbo. Mwenye jengo alishatupa vitu vyake jalalani, akidhani hatarudi. Mzee akampokonya mteja karatasi, akaisoma.

"Hiki ni kitabu changu!" alifoka kwa Kiingereza. "Sina nakala nyingine!"

"Anasemaje?" shangazi aliniuliza.

"Anasema vitumbua vyako vichafu."

"Mwambie atokomee!"

Nikamwambia. Akanunua vitumbua vyote, akavimwaga barabarani kimoja kimoja, akabaki na karatasi.

Shangazi alimlaani mpaka jioni kwa kutupa chakula. Nami nilimwitikia amina.