Kile Kichupa Tulichokizika Bukene

Mimi ni mjinga, tena mjinga mwenye diploma! Usinionee huruma, nisikilize tu.

Mdogo wangu wa kike ni fundi cherehani, anaishi Chemchem. Kichwa kilimsumbua sana, kisha macho yakaanza kufifia. Hospitali kubwa ya mbali ikamkuta na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo. Wakautoa. Daktari akanikabidhi kichupa chenye kipande cha uvimbe ule.

“Ndugu, peleka maabara, jengo lile pale. Vipimo vya damu havikutuambia kitu. Alama za protini ndizo zitatuonyesha uvimbe huu ni wa aina gani. Kuna aina inayorudi kwa kasi.”

Nikaitikia kwa kichwa, kisomi. Mara simu ikaita, baba mdogo kutoka nyumbani kwetu Bukene: “Nyama ya mtoto wetu isitupwe ugenini. Ilete tuizike.” Mwanaume mzima nikajibu, “Sawa, baba.”

Kichupa kikaingia kwenye begi langu. Mdogo wangu aliponiuliza majibu, nikamwambia, “Mazuri! Uvimbe wa kawaida tu, huna haja ya kuhangaika na kliniki.” Aliniamini, maana mimi ndiye kaka aliyesoma.

Tulikizika nyuma ya zizi. Eti na sala! Wazee wakalizunguka shimo lisilotosha hata panya, wakanisifu kuwa sijasahau mila. Nikavimba kichwa. Watu wa hovyo kabisa, na mimi ndiye wa hovyo kuliko wote.

Uvimbe ukarudi. Alipoanza kushindwa kupitisha uzi kwenye sindano, ndipo nikamrudisha hospitali.

“Majibu ya protini yako wapi?” daktari akauliza. “Tungeijua aina yake, tungemfuatilia kwa karibu, tungempa mionzi mapema.”

Wakampasua tena. Macho hayakurudi. Nilipompigia baba mdogo, akasema, “Mipango ya Mungu.” Mungu gani! Begi lilikuwa langu.

Juzi nikamweleza mdogo wangu yote. Akasugua magoti.

“Kaka, mlisali?”

“Tulisali.”

“Basi njoo uchukue na cherehani yangu. Mkaizike hukohuko.”

Nyie mnaobebeshwa vichupa vya ndugu zenu, vifikisheni maabara! Wazee wakikasirika, waacheni wakasirike. Hasira zao zitapoa. Mdogo wangu hataona tena.