Plasta Juu ya Bango

Muuguzi wa kliniki ya watoto husugua viganja vyake mpaka vipate moto kabla ya kumgusa mzazi yeyote. Kwenye kunyonyesha hana mchezo. "Mlete mtoto kwenye titi, mwanangu, usilipeleke titi kwa mtoto," husema kutwa nzima, hata wafagizi wameikariri. Aliyekata tamaa humwekea mto mapajani, na habanduki hapo mpaka asikie mtoto akimeza. Kwa hiyo lilipoletwa bango la wizara, MAMA WA KWELI HUNYONYESHA, mkuu wa kliniki alidhani muuguzi atalishangilia. Aliguna tu.

Asubuhi moja akamkuta mama mmoja amejibanza nyuma ya mlango, ameupa ukuta uso, anamlisha mwanawe kwa chupa aliyoificha chini ya shali. Alimfahamu. Wiki tatu walihangaika pamoja, lakini maziwa hayakutoka. Muuguzi akasugua viganja, akamshika bega, akamrudisha kwenye benchi mbele za watu, na chupa yake mkononi. Kisha akapanda kiti, akakata plasta ya vidonda, akaibandika juu ya WA KWELI, akaikandamiza kwa kidole gumba pembe zote nne, taratibu, kama aogopaye kumuumiza mtu.

Mkuu akatoka ofisini amefura. "Nani kachezea bango?"

"Mimi."

"Plasta ya nini sasa?"

"Ya kidonda. Na ukiibandua, nitabandika nyingine." Akageukia benchi, akisugua viganja. "Haya mwanangu, anayefuata."