Kipa Aliyekatazwa Kushika Mpira

Kabla hajapoteza mguu, Kabatesi alikuwa kipa. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana, na alipoingia jeshini mikono yake ndiyo iliyompa jina. Kisha akapelekwa kulinda amani Afrika ya Kati. Huko gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Alipozinduka hospitalini, mguu wa kushoto haukuwepo.

Akarejea Rugerero, nje kidogo ya mji wa Gisenyi, kwa mama yake. Kwa miezi kadhaa hakutaka kutoka uani. Majirani walimletea pole hadi akazikinai.

Ndipo akaja Mukandutiye, mama wa makamo mwenye filimbi shingoni, kocha wa timu ya wanawake waliokatwa viungo.

"Nasikia we ulikuwa golikipa wa nguvu," akasema. "Kuya kwetu, ucheze na sisi."

"Nitadaka vipi kwa mguu mmoja?"

"Hapana kudaka, sha. Kwetu golikipa ni mwenye mukono moja. Wenye muguu moja wanacheza mbele na magongo. Na mupira ukigusa mukono ao gongo, ni faulo."

Kabatesi akamkazia macho. "Yaani bomu limeniachia mikono yote miwili, halafu nyinyi mnanikataza kuitumia?"

Kisha Kabatesi mwenyewe akaangua kicheko. Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi jikoni, akatoka mbio kuona kuna nini.

Mazoezi yalimtoa jasho. Siku ya kwanza mpira ulipopaa tu, akatupa magongo, akaruka, akaudaka kifuani na kuanguka nao kwenye vumbi jeusi. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Aliudaka tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Viganja vikatoka malengelenge. Lakini polepole akajifunza kukimbia kwa magongo, kusimama ghafla, na kupiga shuti mwili wote ukining'inia hewani.

Ikafika fainali ya taifa, Kigali, dhidi ya mabingwa watetezi. Dakika zikayoyoma bila bao. Kisha krosi ikatoka kulia, juu, ikimjia usoni. Vidole vikamwasha. Kabatesi akaibana mishikio ya magongo kama anayetaka kuivunja, akajiinua, akapiga kichwa. Wavu ukatikisika.

"Yebaba weee!" Mukandutiye alipiga yowe, akavamia uwanja na filimbi yake kabla mwamuzi hajapuliza ya mwisho. Alionyeshwa kadi, hata hakuitazama.

Basi la timu lilipoingia Gisenyi, madereva wa pikipiki walilipokea kwa honi hadi sokoni. Wanawake waliacha biashara zao wakaja kucheza barabarani. Mama yake Kabatesi, asiyejua lolote la mpira, akapenya hadi dirishani.

"Wanasema bao ni lako. Kweli?"

"Kweli, Mama."

"Sasa umekaa humo unafanya nini? Shuka, watu wakuone!"

Akashuka.