Simu Iko ya Nani?

Nilimwonea wivu mwenzangu, na sioni haya kusema. Tulikuwa wasichana wawili katika fakulte yetu ya chuo kikuu pale Lubumbashi, wote watoto wa wafanyakazi wa mgodi, tumemaliza masomo wakati kampuni imekwisha kuanguka na baba zetu wanashinda nyumbani. Profesa wetu alipata kazi ya utafiti: kuhesabu nani ana simu ya mkononi, mume au mke, maana simu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini. Fakulte ilikuwa na kompyuta moja. Ambaye majibu yake yangekuwa safi ndiye angekaa mbele ya ile kompyuta, afanye hesabu, achukuliwe kuwa asistenti, msaidizi wa profesa. Nafasi ilikuwa moja tu.

Basi huyo mwenzangu! Mimi nilifanya namna nilivyolelewa: ukiingia kwa watu unasalimia baba wa nyumba, unapewa kiti saloni, pale sebuleni, unamuuliza yeye. Mwenzangu, wapi! Alipita nyuma moja kwa moja, akachuchumaa kando ya mbabula, lile jiko la makaa, akashika mwiko, akasonga bukari, ugali wetu, ya watu wasiomjua, huku anauliza maswali yake. Mtaa mzima wa Kenya, tulikotumwa kuuliza, wamama walimwita "mutoto yetu". Mimi waliniita "madame". Roho iliniuma, mama yangu, iliniuma kama jino bovu.

Profesa alipotazama majibu yetu akakunja uso. Tulikuwa tumegawana barabara moja, mimi upande huu, yeye upande ule. Kwangu simu zote zilikuwa za wanaume. Kwake karibu zote zilikuwa za wanawake.

"Mumoja kati yenu anadanganya," akasema.

Nikarukia pale pale: "Prof, huyu anashinda jikoni kwa watu, anakula bukari. Atajua nini?" Nilisema hivyo mwenyewe akinisikia. Yeye akakusanya karatasi zake taratibu, na hilo nalo likanikasirisha.

Profesa akachagua nyumba moja ya upande wa mwenzangu, twende sote watatu tukaulize upya. Baba wa nyumba, dereva wa zamani wa kampuni, alitupokea saloni amevaa koti lake la kazi lenye vifungo vyote. Mke wake akabaki amesimama mlangoni.

"Papa, simu ya hapa iko ya nani?"

"Yangu. Kila kitu humu iko yangu."

Eeh, leo nimempata!

Ndipo simu ikalia. Ililia kiunoni mwa mama, ndani ya kikwembe alichojifunga. Akaitoa, akageukia ukuta, lakini sauti ya yule mtu ilijaa chumba: gari la samaki limetoka Kasenga, limeharibikia Kasomeno, mama anasema nini, wauze pale pale au wangoje? "Muuze nusu, ile ingine mutie chumvi," akajibu, akakata. Wote tukaelewa nani alikuwa analisha ile nyumba. Papa alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwetu mke hasemi "yangu" mbele ya bwana wake, hata kama kitu amekinunua yeye. Na tangu kampuni ianguke, hilo neno peke yake ndilo wamama walikuwa wamewaachia waume zao. Profesa hakujali. Alitaka jibu lake.

"Mama, sema kweli. Iko ya nani?"

Mama akairudisha simu kiunoni, akamtazama mume wake.

Mwenzangu akasimama. "Prof, iko ya papa. Ni mimi nilikosa, niliandika mubaya."

Alijua kwamba kazi ndiyo anayoitupa. Nyumbani kwao walikuwa wanangoja ule mshahara kama sisi kwetu. Mama akamtazama, na sijatazamwa vile na mtu yeyote, hata mama aliyenizaa. Tulipotoka alimsindikiza yeye peke yake mpaka barabarani, amemshika mkono.

Profesa alikuwa amepata jibu lake, na kazi nikapewa mimi. Nilikaa mbele ya kompyuta nikaingiza ile nyumba, simu ya mume, na hesabu ikatoka safi, profesa akafurahi. Chanda chema huvikwa pete, walinisifu kwetu. Hata leo wakinisifu kwa ile kazi, ninauona ule mkono wa yule mama ndani ya mkono wa mwenzangu, na wivu unanipanda, mkali kuliko wakati ule nilipokuwa sina kitu.