Keki Imekatwa Mtoto Akibadilishwa Nepi

Jamani, nani hukata keki ya birthday kabla mwenye birthday hajatoka kubadilishwa nepi?

Leo Imani wangu ametimiza mwaka mmoja. Keki nimempikia mwenyewe, kwa sufuria, juu ya jiko la makaa, hapa kwetu Huruma. Ya ndizi, na sukari kidogo tu, maana ni ya mtoto.

Wageni wakafika. Imani naye akajichafua. Nikaingia naye chumbani kumbadilisha.

Kutoka, nakuta watu wanatafuna!

Keki imeisha. Aliyeikata ni wifi yangu, dada ya mume wangu.

"Mama Imani, si watu walikuwa na njaa? Na huyu wa mwaka mmoja anajua keki ni nini?"

Eti anajua nini!

Kipande cha wifi kilikuwa bado kwa sahani, hajakigusa. Nikakichukua mbele ya kila mtu, nikasimika mshumaa, nikamwambia, "Haya wifi, tuanzishie wimbo."

Akaimba. Amenuna, lakini akaimba.

Imani akajaza mashavu yote mawili.

Sasa niambieni ukweli, nimekosea wapi?