Mifuko ya Buluu Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Asubuhi ile wanakamati wa usafi tulisafisha pwani ya mjini, tukajaza mifuko ya buluu mpaka lori likafurika. Mwenyekiti wetu, mtu ambaye sijapata kumwona akiinama, alihutubia kwamba kisiwa chetu ni kidogo na lazima tukitunze. Nami, mjinga, nikampigia makofi.

Alasiri nikaenda kijijini Fumba kumtazama shangazi yangu. Nyuma ya nyumba yake kuna shimo lililochimbwa mawe ya kujengea. Ndani yake nikaiona mifuko ileile, mbuzi wameshaipasua, hatua chache tu kutoka kisimani.

Nikampigia simu mwenyekiti.

"Sasa Bi, pwani si imesafika?" akaniuliza, kama anayemweleza mtoto.

"Imesafika kwa kuchafua kisima cha watu!"

Akacheka. Akasema huko kwetu hakupiti wageni wa kuziona taka.

Siku mbili mimi, shangazi na jirani zake tuliitoa mifuko shimoni, tukaipeleka jaani kwa gari la ng'ombe. Kamati nikaiacha. Siku hizi nikikutana na mwenyekiti sokoni, salamu yake naijibu kwa kuwa dini inaniamuru, na sizidishi neno.